Marahaba ya Mzee Zuberi

Ujumbe uliingia Jumanne kwenye simu ya Ramadhani, mdogo wake Mzee Zuberi. Wakala wa tiketi alikuwa anawakumbusha kwamba, kwa agizo jipya la mwaka huo wa 2017, abiria wanaounganisha ndege kule Ghuba kwenda Marekani hawaruhusiwi kuingia ndani na kifaa chochote cha umeme kinachozidi simu kwa ukubwa. Vyote viende chini, kwenye mizigo.

Mzee Zuberi alikuwa uani kwake Lushoto, anachagua peasi za kupeleka sokoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono, akatoa tochi yake mfukoni na kuibana shingoni.

"Hii haiendi chini," alisema.

Tochi yenyewe haikuwa tochi, ni jina tu la majirani. Miaka miwili nyuma saratani ilimfanya atolewe koo la sauti, akapewa kidude hicho cha betri, kinene kama gunzi la hindi. Akikibana shingoni kinanguruma, na midomo yake inaugeuza mngurumo kuwa maneno yasiyopanda wala kushuka. Na huyu ndiye Zuberi aliyekuwa akisimama kwenye matuta yake ya kabichi na kupatana bei na mtu wa ng'ambo ya bonde, bila yeyote kati yao kushuka mtoni.

Sasa binti yake Latifa alikuwa anaolewa Marekani, siku moja tu baada ya baba kufika. Baba ndiye walii, ndiye wa kutamka "nimekuoza". Begi likichelewa, na mabegi huchelewa, atakaa mbele ya sheikh kama gogo.

"Mteue wakili, kaka," alisema Ramadhani. "Dini inaruhusu. Hata kuandika inaruhusu."

"Inamruhusu aliyeshindwa. Mimi nimeshindwa nini?"

Ramadhani alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja, kumsemea mwenzake. Miaka yote miwili Latifa alipopiga simu, yeye ndiye aliyeishika: baba yako anakusalimu, baba yako anakula vizuri. Na ukweli usemwe, Zuberi mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alimwonea haya mwanawe, hakutaka amsikie akinguruma. Haya hiyo ilikuwa inamtafuna, na aliapa kwamba itakoma siku ya ndoa.

Walishuka Mombo alfajiri, jioni wakawa Dar es Salaam, Ramadhani akiwa msindikizaji. Uwanjani, dada wa kaunta aliichukua ile tochi akaigeuzageuza, kisha akaiweka kando ya simu yake.

"Ni nene kuliko simu. Itaingia kwenye begi."

Ramadhani akatoa barua ya daktari. Dada aliisoma yote, bila haraka wala dharau. "Cha tiba kinaruhusiwa kama abiria hawezi kukaa bila hicho," alisema. "Hapa imeandikwa kinamsaidia tu."

"Si neno, mwanangu." Ramadhani alikwishainama kufungua zipu. "Kiweke. Mimi nitamsemea mpaka langoni."

Zuberi akalikalia begi.

Msimamizi akaitwa, mtu wa makamo, tai imemkaa vizuri. "Shikamoo, mzee."

Zuberi alimtazama tu. Tochi ilikuwa bado mkononi mwa dada.

"Shikamoo, baba," alirudia msimamizi, kwa sauti kubwa zaidi.

Watu wa foleni wakageuka. Mtu mzima kuamkiwa mara mbili na kukaa kimya ni tusi, na hapakuwa na asiyelijua hilo. Ramadhani akafunua mdomo aitikie, Zuberi akamkanyaga mguu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, maana tangu azaliwe hakuwahi kumnyima mtu marahaba. Akaistahimili. Alitaka waione yote.

Kisha akanyoosha mkono, na dada akampa tochi.

"Marahaba, mwanangu," alinguruma. "Niwie radhi, nimekusimamisha. Kutoka hapa mpaka nifike, wangapi watanisemesha? Na wao niwaache wamesimama hivi?"

Msimamizi aliinamisha macho. Aliomba kalamu, akaandika kwenye karatasi ya shirika kwamba abiria huyu hawezi kukaa bila kifaa hiki, akagonga muhuri. Kule Ghuba karatasi ilisomwa na watu watatu, na tochi ikapanguswa na kupitishwa kwenye mashine mara mbili, kisha ikarudishwa kwa mwenyewe.

Siku ya ndoa sheikh alimnong'oneza kwamba akiona tabu, kutikisa kichwa kunatosha. Zuberi akakataa kwa kidole, akaibana tochi shingoni na kumtazama bwana harusi.

"Nimekuoza binti yangu Latifa, kwa mahari mliyoafikiana."

Nyuma ya pazia, upande wa wanawake, mmoja aliuliza ni mashine gani hiyo inayopiga kelele wakati watu wanafunga ndoa. Latifa naye alikuwa hajawahi kuisikia; hata jana yake, baba alipofika, alimkumbatia tu bila kuitoa mfukoni.

"Ni baba," alisema. "Nyamazeni, anaongea."