Bei ya Matanga

Nthambi alikuwa na ugonjwa wa bei nafuu. Alikuwa dobi katika hoteli moja ya Galu, na kila alipopata nafasi ya kupumzika alifungua Nasa Bei, mtandao ambao watu hutangaziana vitu walivyoviona vikiuzwa rahisi, kisha wenzao hupiga kura: moto kwa bei iliyowapendeza, baridi kwa iliyowaudhi. Tangazo lenye moto mwingi kuliko yote kwa wiki humpa mwenyewe nyota ya dhahabu kando ya jina lake. Nyota yenyewe hailiwi wala haivaliwi, lakini Nthambi aliitaka mpaka akaiota.

Baba mkwe wake, Mzee Mulinge, alipofariki, alikwenda Kikoneni kwa matanga. Jirani yao Kache, msusi wa mikeka, akamletea mkeka mpya wa rangi tatu wa kukalia wageni. Nthambi akauliza bei.

"Nipe mia mbili ya rangi, shoga," Kache alisema. "Nyumba yenye msiba haiuziwi."

Mkeka kama ule Kache aliuuza elfu moja na mia tano. Lakini desturi yake, aliyoirithi kwa mamake, ilikuwa kwamba waliofiwa walipe rangi tu. Kazi ya mkono aliitoa yeye. Kikoneni nzima ililijua hilo na hakuna aliyelitangaza, kwa sababu ile haikuwa bei, ilikuwa pole. Nthambi alikuwa ameolewa pale miaka kumi na miwili. Alipaswa kujua.

Aliporudi Galu akaiweka picha: "Mkeka safi wa ukindu, mia mbili tu! Kikoneni, mwulizieni Kache." Aliamini anamtafutia mwenziwe wateja, na hapo tusimlaumu sana. Kufikia Jumatano tangazo lilikuwa na moto mia nne. "Wasee, hii ni moto!" aliandika Mercy wa Ukunda. "Leo tunaenda."

Jioni hiyo Kache akapiga simu. "Shoga, wamekuja watu na bodaboda wananionyesha mkeka wa Mzee. Wataka kwa mia mbili. Wametaja jina lako, nikaona haya kuwarudisha, nimewapa. Hebu iondoe hiyo picha, tafadhali."

"Naiondoa sasa hivi," Nthambi alisema, na alipolisema hilo alilikusudia.

Akafungua. Kitufe cha kufuta kilikuwa pale pale, chekundu, hakikufichwa. Juu yake moto ulikuwa umefika mia tano na arubaini, na hakuna tangazo jingine lililoukaribia. Nyota ilitolewa Jumapili. Akajiambia siku nne si nyingi.

Hazikuwa nyingi kwa mtu aliyekaa Galu. Kikoneni, Kache alipoanza kutaja bei yake halisi, wateja walimwita mwizi mbele ya wanawe, kisha wakarudi mtandaoni kumwandika vibaya. Alhamisi alipiga simu mara tatu. Nthambi hakupokea, alimtumia ujumbe kwamba mtandao unasumbua. Ijumaa Swabir, mwenye duka Diani ambaye miaka tisa alikuwa akiichukua mikeka yake kuwauzia watalii, aliiona ile picha. Akaamini amekuwa akikamuliwa siku zote, na hakuchukua tena hata mmoja.

Jumapili nyota ikaja. Nthambi akaitazama, akafuta tangazo, na badala ya furaha akaona aibu. Picha yenyewe ilikuwa imeshasambaa kwenye simu za watu.

Siku yake ya mapumziko alikwenda Kikoneni kusema kweli yote. Njia nzima aliyapanga maneno. Alimkuta Kache akipalilia mihogo ya watu kwa kibarua, yeye ambaye jembe alikuwa ameliacha tangu mikeka yake ianze kununuliwa.

"Nimekuja kukwambia jambo," Nthambi alisema.

"Nalijua." Kache akafuta jasho, akatabasamu. "Swabir aliniambia eti ukitaka, picha ile waiondoa mara moja, na kwamba uliiacha makusudi. Tukagombana. Nikamwambia, wewe, Nthambi humjui. Nthambi nilimwomba, akanambia aiondoa sasa hivi. Kama haikuondoka, basi ilimshinda. Simu hizi zina mambo yake. Sivyo?"

Nthambi akayatafuta yale maneno aliyoyapanga. Yalikuwapo yote. Alichokuwa hana ni moyo wa kuyatoa mbele ya uso ule uliokuwa ukimngojea aseme ndiyo.

"Ndiyo," akasema. "Ilinishinda."

"Nilijua," Kache alisema, akamshika mkono na kumwambia asijitese, kwani hata siku moja hakuwahi kumkasirikia. Kisha akaliokota jembe lake na kurudi kwenye mihogo.