Kiti cha Mgeni

Jumamosi saa tatu asubuhi, fundi majokofu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kumi na nne ya jukwaa la mashariki la uwanja wa mpira, akila yai la kuchemsha huku akimtazama dada yake akisugua ngazi ya kumi na tatu. Alikuwa amesafiri kwa likizo ya siku nane kuja kumwona dada huyo, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka kumi na tisa. Mazungumzo ya miaka yote hiyo waliyafanyia juu ya ndoo, kwa kuwa msimamizi wa usafi hakuwa na siku ya mapumziko ya kumpa dada.

Dada alisugua kwa kupiga goti moja tu, la kushoto. La kulia lilikuwa limevimba, na hospitali ilishampangia siku ya kulitazama, miaka miwili mbele.

"Omba ruhusa basi, dada."

"Nikiomba, mdogo wangu, watamtafuta mwenye magoti yote mawili."

Saa tisa alasiri mashabiki walijaa, dada akaenda kukaa na ndoo yake chini ya ngazi, na fundi akabaki pale alipokuwa. Timu ya wenyeji hakuwahi hata kuisikia. Lakini alikuwa mtu wa adabu, na wahenga walishasema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Akavishwa skafu ya mtu mwingine, akaanza kupiga makofi.

Dakika ya kumi na mbili, bega la mpiga ngoma, bovu tangu msimu wa juzi, likapona. Mpiga ngoma akalizungusha mara mbili, akaridhika, akaendelea kupiga. Dakika ya ishirini bibi mmoja wa safu ya nyuma alivua miwani, akaifuta kwa mazoea, akaona haina kazi tena na kuitia mkobani. Kufika mapumziko, safu tatu hazikuwa na jino bovu, presha wala ngiri. Timu ilikuwa imefungwa mabao mawili. Hayo hayakupona.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema mwenyekiti wa mashabiki, akikunja na kukunjua kiuno kilichomsumbua tangu ujana. "Keti, ndugu yangu. Jumatano tunacheza tena."

Jumatano kiti chake kiliwekewa mto. Fundi alikuwa na ombi moja tu, nalo ndilo lililomnyima usingizi siku zote nne: dada yake aketi karibu naye. Mwenyekiti aliuliza kama huyo dada ni shabiki kweli. Dada akawatajia kikosi cha kwanza cha miaka kumi na tisa iliyopita, pamoja na wachezaji wa akiba. Wakasogea kidogo.

Siku hiyo fundi alishangilia hadi sauti ikamkauka, kiganja chake kikiwa juu ya goti la dada. Uponyaji ulivuka safu ya tatu, ukapanda jukwaa zima. Mshambuliaji aliyekuwa amekaa benchi na plasta mguuni aliibandua, akaomba kuingia. Goti la dada lilibaki vilevile.

"Mbona la dada haliponi?" fundi aliuliza kwa sauti iliyobaki.

"Wanaopona ni wenyeji," mwenyekiti alimweleza kwa upole. "Dada yako ni mgeni."

"Ana miaka kumi na tisa hapa!"

"Ndiyo. Mgeni wa siku nyingi. Tunamheshimu sana."

Dakika ya themanini mtu alimwaga soda. Mwenyekiti alimtazama dada kwa heshima hiyohiyo na kumwambia ngazi ile inateleza. Dada akainuka, akaenda kuchukua dekio. Fundi aliona uchungu hata machozi yakamlengalenga, na watu wawili waliokaa jirani wakampongeza kwa kuipenda timu kiasi kile.

Likizo ilipokwisha walimsindikiza kwa ngoma hadi uwanja wa ndege, wakamwambia yeye sasa ni mtoto wa nyumbani. Dada hakupewa ruhusa ya kuja.

Fundi aliondoka, lakini watu waliendelea kupona. Kamati ya klabu ilikutana na kuamua kwamba nguvu za mgeni zimebaki kwenye kiti. Kiti kikapakwa rangi na kuwekewa kibao cha shaba, na dada akaongezewa kazi ya kukisugua kibao kila asubuhi. Wagonjwa walipanga foleni kuanzia getini.

Ndipo goti likagoma kabisa, dada akalala nyumbani wiki nzima. Wiki hiyo kiti hakikuponya hata mafua. Kamati ilikaa saa tatu kutafuta ni kitu gani kilichobadilika, na mwisho ikakubaliana kwa kauli moja kwamba kiti kina vumbi. Wakampigia dada simu arudi upesi.

Asubuhi aliyorudi, mdogo wake alimpigia akiwa kazini, kichwa ndani ya jokofu la mteja.

"Dada, ni wewe. Tangu mwanzo ulikuwa wewe."

"Najua."

"Si uwaambie!"

"Niliwaambia. Wakacheka. Wakaniuliza, kama ningekuwa naponya, ningetembea na goti hili? Nikawajibu, mganga hajigangi."

"Wakasemaje?"

"Wakasema methali nzuri. Wameiandika kwenye bango."

Dada alimwambia wataongea jioni, foleni ilikuwa imeshafika safu ya pili. Akatia simu mfukoni, akapiga goti bovu, kwa sababu lile zima nalo lilikuwa limechoka, akaanza kusugua kibao. Nyuma yake mtu aliyekuwa akikohoa tangu getini akaacha kukohoa, akavuta pumzi ndefu, akakishukuru kiti.