Ushahidi wa Usingizi

Mkate mwingine uliungua. Mwanamkisi hakuwa mbali, alikuwa hapo hapo uani, ila miguu yake ilikuwa imeshamtoa kwenye tanuri la udongo ikampeleka mlangoni, ikamrudisha kisimani, ikampeleka tena mlangoni. Harufu ilipomfikia, mkate ulikuwa mkaa. Tangu mwanawe Ubaid azikwe alikuwa hivyo. Akikaa anainuka, akiinuka hajui alichoinukia. Huchota maji akayamwaga. Wateja waliozoea mikate yake ya mofa tangu enzi za mamake walianza kununua kwingine, na kwa haya wakipita njia ya nyuma ya msikiti ili asiwaone.

Ubaid alikuwa mwanawe wa pekee. Alfajiri moja tishari la kampuni ya mawe, chombo kipana cha kubebea mizigo, lilikatiza mkondo bila taa, likaipanda mashua aliyokuwa akivua na wenzake. Mume wa Huwaida, jirani yao, alikufa naye. Aliyeokolewa ni Jaafar peke yake, na Jaafar aliapa kwamba hakuona taa wala hakusikia honi. Kampuni ikasema taa zilikuwako. Watu wa Siyu, kijiji chao cha kisiwani, walitaka mawili tu: wenye tishari wakiri kwa vinywa vyao, na matishari yasipite tena gizani. Badala ya jibu, waliletewa mshauri nasaha.

Jina lake Cherotich, msichana wa bara, mpole, aliyeshuka kwenye boti ameshika viatu mkononi na tableti kifuani. Alipewa chumba kidogo cha zahanati. Siku ya kwanza aliwaeleza wazi kwamba kampuni ndiyo inayolipa, lakini watakayosema hayatatajiwa mtu. Kisha akauliza maswali yake.

"Bi Mwanamkisi, wiki mbili hizi umelala vipi? Vizuri, vibaya siku chache, ama vibaya karibu kila siku?"

"Silali."

"Na kutulia je?"

"Waniyonaje, mwanangu?" Alikuwa akijibu amesimama, mkono mmoja kwenye kitasa.

Kila walipokutana, maswali yalikuwa hayo hayo. Mwishowe Mwanamkisi akachoka. "Mbona kila ukiya waniuliza mambo yayo kwa yayo? Hujanisikia?"

Cherotich aliiweka tableti chini. "Nimekusikia. Lakini mazungumzo haya yamejaribiwa mbali, kwa watu wengine. Nisipokuuliza wewe, hapa, kila mara, nitajuaje kama nakusaidia ama nakupotezea wakati?"

Jibu hilo lilimkaa Mwanamkisi moyoni. Polisi walimwandika, mzee wa mtaa alimwandika, mtu wa kampuni alimwandika, na hakuna hata mmoja aliyerudi kuuliza kama kumwandika kulimfaa kitu. Siku ile aliachia kitasa, akakaa.

Alifundishwa kuvuta pumzi polepole na kuzitoa. Ikawa balaa. Kila alipovuta pumzi alimwona Ubaid akivuta maji. Cherotich akaangalia majibu yake ya nyuma, akaona mstari unaopima tabu yake kwenye tableti haujashuka hata kidogo, bali unapanda. "Hili halikufai," akasema. "Tuliache. Nyinyi hapa, mtu akifiwa, hufanya nini?"

"Huambiwa asubiri," Huwaida, aliyekuwa akingoja zamu yake, akadakia kutoka kwenye benchi la mlangoni. "Matanga yakisha, ukimtaja maiti wako, watu hukwambia subira ni imani. Hakuna atakaye kusikia."

Basi wakahama zahanati. Wakawa wanakaa kwenye daka la nyumba ya Huwaida, kibaraza cha mlangoni, na kazi ikawa moja: kumtaja aliyekufa, kwa mazuri na kwa mabaya. Mwanamkisi alianza kwa kigugumizi. Akasema Ubaid alikuwa mvivu wa kuamka, analala kama gunia la nazi, na kwamba kuna siku alimmwagia kata nzima ya maji usoni, naye akafungua kinywa akayanywa, akageukia ukutani akaendelea kukoroma. Huwaida akacheka. Cherotich akacheka. Mwanamkisi akasikia mtu wa tatu anacheka, akatambua kuwa ni yeye.

Usingizi ulimvamia siku hiyo hiyo, bila hodi. Aliamka jua limeshapanda na sala ya alfajiri imempita, akalia kwa hofu na kwa shukrani asijue machozi gani ni ya nini. Baadaye mikate ikaanza kutoka na rangi yake. Wateja wakarudi njia ya mbele.

"Tazama," Cherotich alimwambia, akimsogezea tableti kwa furaha ya mtoto aliyefuzu mtihani. "Huu mstari ni wewe. Unashuka."

Mwanamkisi aliutazama sana. Hakuwahi kuona uzito wa moyo wake mwenyewe umechorwa.

Kamati ya usuluhishi kati ya kampuni na familia za waliokufa ilikaa Amu, mjini Lamu, katika ukumbi wenye mapazia mazito. Mwenyekiti alikuwa Bwana Abdulwahid, mtu wa ukoo wa zamani, mwenye majumba mjini. Mawili kati ya hayo yalikodiwa na wahandisi wa kampuni ya mawe. Jaafar alisimama akalieleza giza la alfajiri ile. Wakamshukuru. Kisha wakili wa kampuni, Nicodemus, akaomba mapazia yafungwe, na ukutani kukatokea mstari.

Mwanamkisi aliutambua kama mama anavyoutambua mwendo wa mwanawe kwa mbali.

"Mteja wangu hakubali kosa lolote," Nicodemus alisema. "Lakini kwa utu wake aliwapa familia hizi huduma ya ushauri. Na hapa sileti nadharia za vitabu. Huu ni ushahidi wa kila siku, umekusanywa Siyu kwenyewe, kwenye tableti ya kampuni, kwa vinywa vya wahusika wenyewe, kila walipokutana na mshauri wao. Sijataja jina la mtu. Walianza huku juu. Sasa wako huku chini. Wanalala. Wametulia. Madhara yanayolalamikiwa yameondoka. Mwenyekiti, tunaomba shauri lifungwe."

Cherotich alisimama kabla ya kuitwa. "Niliuliza ili nijue kama nawasaidia! Mstari huo haupimi kosa la mtu. Hausemi lolote kuhusu taa."

"Takwimu hizi ni za kweli, ama ulizitunga?"

Alitazama ukutani. Alizikusanya mwenyewe, jibu kwa jibu. "Ni za kweli."

"Ahsante. Unaweza kukaa."

Kisha Mwanamkisi akaitwa. Aliweka mkono juu ya jalada la kijani la Msahafu.

"Mama, siku hizi unalala?"

Nyuma yake alisikia bangili za Huwaida zikigongana. Angeweza kusema la. Neno lenyewe fupi, na lilikuwa tayari kinywani. Lakini mkono ulikuwa pale ulipokuwa.

"Nalala. Lakini..."

"Ahsante, mama."

"Siyamaliza."

"Bi Mwanamkisi," alisema Bwana Abdulwahid kwa upole, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka, "umeulizwa jambo moja, nawe umelijibu. Tumshukuru Mola kwa afya."

"Bwana Abdulwahid, mtu akivundwa guu, guu likaunga, ndiyo kusema alomvunda hakumvunda?"

Mtu mmoja alikohoa. Mwenyekiti alirekebisha kofia yake. "Hilo si swali lililo mbele yetu, Bi."

Shauri likafungwa kabla ya adhuhuri. Matishari yaliruhusiwa kuendelea kama kawaida. Kampuni ilipongezwa, na ikaombwa huduma ile ya ushauri iwafikie na watu wa Mkokoni, kijiji kingine cha pwani hiyo.

Cherotich alikuja Siyu mara moja tu baada ya hapo, kuaga. Mkataba wake haukuongezwa. Alisimama kizingitini, viatu mkononi.

"Hukunidanganya," Mwanamkisi alimwambia. "Lau ungenidanganya, ningeyua la kufanya."

Akamfungia mkate wa moto kwenye karatasi, akamsindikiza mpaka kwenye boti.

Miguu ikaanza upya. Safari hii haikumtembeza kwa kumtafuta Ubaid. Ilimtembeza kwa kuuogopa utulivu wake mwenyewe. Akijikuta amekaa kimya na moyo haumwendi mbio, huinuka ghafla kama aliyekalia siafu. Daka la Huwaida likabaki tupu. Jaafar alikuwa amempata wakili mwanamke huko Amu, jina lake Shifaa, naye alisema wanaweza kwenda mahakamani, alimradi ionekane kwamba madhara bado yapo. Habari ilizunguka nyumba kwa nyumba: atakayeulizwa asiseme amepona. Siku moja mtoto wa Huwaida aliteleza kwenye matope akakaa kitako kama mzee, Huwaida akaangua kicheko, kisha akakiziba kinywa chake kwa ukingo wa buibui na kutazama huku na huku kama aliyeiba.

Mshauri mpya wa kampuni alikuwa kijana, Austin, mwenye sauti ya kubembeleza. Alirudisha kazi kwenye chumba cha zahanati na kufunga mlango. Mwanamkisi alitoka usingizini kwenda huko; kitambaa cha mto kilikuwa kimemchora mistari shavuni, na hakuwa na kioo nyumbani cha kumwambia.

"Mama, wiki mbili hizi umelala vipi?"

Astaghfirullah, alisema chini ya ulimi. "Silali."

"Karibu kila siku?"

"Kila siku."

Austin alilitazama shavu lake, kisha akashusha macho kwenye tableti na kubonyeza. "Pole sana. Mstari umepanda tena. Lakini usiwe na wasiwasi juu ya mambo ya mahakama. Mawakili wetu wameshasema, mtu ambaye akili yake haijatulia hafai kusumbuliwa kutoa ushahidi. Nitaripoti hali yako, hutaitwa."

"Hawataniita?"

"Hata Jaafar. Yeye naye ameniambia anaota ndoto mbaya. Maneno ya mtu wa namna hiyo hayategemewi, mama, si kosa lake." Alitabasamu kumtia moyo. "Tuendelee. Na kutulia je? Umetulia, ama hujatulia?"

Mwanamkisi alifungua kinywa. Nje, kwenye benchi, wanawake waliokuwa wakingoja zamu hawakuwa wakizungumza wala kulia. Alitazama kidole cha kijana kikiwa kimeinuliwa juu ya kioo, tayari kwa jibu lolote kati ya hayo mawili. Alikifunga kinywa. Akakifungua tena.

Kioo kilififia kwa kungoja. Austin akakigusa, kikawaka.

"Nakusikiliza, mama."