Tumboni mwa Panzi wa Dhahabu

Gerlof Wassink wa mji wa Zutphen, Uholanzi, alikuwa mtu mpole mpaka umguse kitabu chake cha katuni. Hapo ndipo ungemjua. Chumba cha juu, kilichokuwa cha binti yao kabla hajaolewa, sasa kilikuwa cha mashujaa wa zamani wa Kimarekani, wale wa kuvaa chupi juu ya suruali, kila mmoja ndani ya mfuko wake wa nailoni na kadibodi mgongoni asije akapinda. Mgeni aliyetaka kuwaona alinawa mikono, akaikausha, akakaa kitini, akaonyeshwa. Kushika? Thubutu!

Kati ya wote hao, kipenzi chake alikuwa Panzi wa Dhahabu. Wamarekani wenyewe walishamsahau siku nyingi, lakini miaka ya sitini mchapishaji mmoja alimtoa kwa Kiholanzi, kwenye karatasi mbaya ya kufungia samaki, na watoto wa huku wakampenda kufa. Gerlof alikuwa nazo namba zote za matoleo hayo isipokuwa ya kumi na saba. Na hiyo ya kumi na saba, jamani, ndiyo donda lake. Akiwa na miaka tisa aliisoma darasani, chini ya dawati, mpaka pale Panzi anapotupwa kisimani, miguu imefungwa kamba, na adui yake Profesa Nta anafungulia maji. Akafunua ukurasa... mkono wa mwalimu huo! Enzi hizo walimu waliamini katuni zinaozesha akili. Namba kumi na saba ikaingia kwenye jiko la makaa, darasa zima likitazama. Mtoto akakua, akaoa, akastaafu kazi yake ya kupima watu macho, na bado hajui Panzi alitokaje mle kisimani.

"Alitoka," mkewe Dineke humwambia. "Si kuna namba kumi na nane?"

"Najua alitoka! Alitokaje, ndilo swali!"

Dineke alifundisha watoto kuogelea maisha yake yote, kwenye bwawa la manispaa, na alikuwa na sauti ya kuvuka maji. Alicheka sana mtu mzima kumlilia panzi. Tangu waoane hakuwahi kuomba kuonyeshwa hata kitabu kimoja. Hilo lilimuuma Gerlof kuliko alivyowahi kusema. Lakini mwanamume mwenye mvi utasemaje kwamba unataka mkeo aje mcheze wote?

Basi ikafika Novemba, wakapiga kura ya sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi. Kila mmoja anaokota kikaratasi chenye jina, na huyo ndiye wa kumwandalia zawadi. Nayo haitolewi hivi hivi. Unaificha ndani ya kitu ulichokiunda kwa mikono yako, cha kumtania mwenyewe, na unamtungia shairi la kumsema kwa jina la Mtakatifu. Yote siri. Wiki hizo kumuuliza mtu anafanya nini bandani ni utovu wa adabu, na Dineke alishinda bandani. Gerlof aliona tu kucha zake zimeingia rangi ya dhahabu, akajifanya hakuona.

Jioni ya tarehe tano Desemba, mkesha wa sikukuu, wakaja Wilmie, dada yake Dineke, na mumewe Bertus. Huyu Bertus naye alikusanya Panzi, naye alikosa namba kumi na saba, na kila mmoja alikesha akihofu mwenzake ataipata kwanza. Wakanywa chai, wakala keki ya lozi, zawadi za wengine zikafunguliwa. Kisha Dineke akatoka, akarudi anasukuma toroli lililofunikwa shuka.

"Soma kwanza!" akaamrisha.

Gerlof akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

*Kuna mzee wa hapa, jina lake silitaji,*
*Vyombo kuosha hukwepa, mikono haina maji,*
*Moyowe panzi kampa, mke ni msafishaji,*
*Leo naja kukulipa, pasua tumbo, mlaji!*

"Kakupata!" Bertus akapiga goti lake. "Sijui Mtakatifu kayajuaje ya vyombo!"

Shuka likavutwa. Lo! Panzi wa Dhahabu mwenyewe, mkubwa kama kondoo, miguu imekunjwa tayari kuruka, joho jekundu mgongoni. Alikuwa ameundwa kwa makaratasi na gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka, akapakwa rangi nyepesi ya dhahabu, na chini ya rangi picha za katuni zikichungulia. Hata Bertus alisimama kumwona. Gerlof alihisi machozi yanamjia. Mkewe, huyu mcheka watu, kamtengenezea Panzi!

Akainama kumtazama vizuri. Kwenye paja la kushoto aliona kisima. Aliona kamba. Aliona Profesa Nta kashika gurudumu la bomba.

"Dineke," akasema, na sauti haikuwa yake. "Karatasi hizi umezitoa wapi?"

"Usihofu, sijagusa zako, nina akili zangu. Nilizinunua Aprili, Siku ya Mfalme, kila mtu anapouza vikuukuu vyake, kwa bibi mmoja aliyetandika vitu vyake barabarani. Kitabu takataka tu, hakina jalada, panya wamekila pembeni. Nikasema Panzi avae ngozi ya enzi zake."

"Ni namba kumi na saba."

"Nini?"

"Namba kumi na saba! Umeichana! Umeipaka gundi! Mama weee, umeniua!"

Bertus akaruka kutoka kitini. "Chemsha maji! Mvuke unabandua gundi, shemeji, nimeona kwa macho yangu!"

"Utaibandua na rangi yake! Toa mkono!"

"Na wewe utaiacha iozee hapo? Nipe mimi basi!"

"Nikupe? Nikupe wewe? Labda nife!"

Wakavutana, huyu kashika pembe ya panzi, yule mguu. Vita vya panzi furaha ya kunguru: Wilmie alibaki peke yake na sahani ya keki, na hakulaza damu.

Gerlof akajitoa, akapiga magoti, akaanza kusoma. Kwenye picha ya gotini, maji yamemfika Panzi kiunoni. Shingoni yamefika kifuani. Chini ya bawa yamegusa kidevu, naye Panzi anasema, "Sasa, Profesa, utaona." Gerlof akazunguka, akapekua mgongo, akachungulia chini ya joho, akalala chali sakafuni kutazama tumbo. Hamna.

"Ukurasa wa mwisho uko wapi?"

"Ndani," Dineke alijibu. "Nilianzia nyuma. Ndio nilioubandika kwanza kabisa, juu ya puto nililolijaza hewa liwe tumbo. Pasua, utauona. Si ndiyo desturi? Na zawadi yako imo humo."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo. Sauti ile ya bwawani ilikuwa imekwenda wapi? Akamwekea kisu cha mkate mezani, akaanza kukusanya vikombe ambavyo havijamalizwa. Gerlof aliviona vidole vyake tena, ile dhahabu iliyogoma kutoka kwenye kucha, na ngozi iliyokatikakatika kwa gundi na baridi ya bandani. Aliona aibu. Mwanamke kaingia kwenye mchezo wake kwa mara ya kwanza, naye kampokea kwa kumwambia amemuua, tena mbele ya watu.

"Pasua, mzee!" Bertus alisogea karibu. "Miaka yote hiyo! Unangoja nini?"

Gerlof akashika kisu. Akakiweka juu ya tumbo la Panzi. Alitaka kujua, alitaka sana, kama alivyotaka siku ile chini ya dawati. Kisha akageuka.

"Dineke. Wewe uliusoma?"

"Kwani nilikuwa na kazi gani, nangoja gundi ikauke?"

"Wote?"

"Wote. Mara mbili. Yule Profesa ana dharau, nilitaka kumzaba kofi."

Gerlof akavuta kiti. "Kaa hapa. Niambie alitokaje."

Dineke akamtazama kwanza kuona kama anataniwa. Akaweka vikombe chini. "Hakuruka," akasema polepole. "Wote walingoja aruke. Yeye akajilaza chali, hivi, masikio majini, kifua juu, akapumua taratibu. Maji yakapanda, naye akapanda nayo. Yule mjinga Profesa anazidi kufungulia! Anamwinua mwenyewe kwa maji yake!" Sauti ilikuwa imemrudi, mikono inaelea hewani. "Mpaka mdomoni mwa kisima. Hapo akainua miguu yote miwili na kamba zake, paa! Kifuani mwa Profesa. Mwisho."

"Ng'o!" Bertus alifoka. "Panzi hajui kuogelea! Namba tisa alizama kwenye birika la ng'ombe!"

"Kujilaza si kuogelea," Dineke akamjibu. "Ndilo somo la kwanza. Hata mtoto wa miaka minne analiweza."

Wilmie akaacha kutafuna. Bertus akamgeukia Gerlof, macho yamemtoka. Gerlof naye akamtazama mkewe, mwalimu wa kuogelea, aliyekaa wima bila kupepesa.

"Dineke wangu," akamuuliza. "Umetunga?"

"Kisu unacho. Pasua uone."

Gerlof akakitazama kisu. Akamtazama Panzi na tumbo lake kubwa la dhahabu, lenye zawadi yake ndani, bila shaka ile chokoleti ya herufi G, maana sikukuu hii kila mtu hupewa herufi ya jina lake, ambayo sasa hakuna atakayeila. Kisha akakichukua kisu, akamkatia mkewe kipande cha mwisho cha keki, akarudisha kisu kwenye droo.

"Rudia," akamwambia, akisogeza kiti karibu zaidi. "Anzia pale maji yanapomfika kidevuni."