Jambo Moja Sikumwambia Jacinta

Mimi sijawahi kupanda ndege, na sioni aibu kulisema. Lakini asubuhi ile, nyumbani kwangu Manyatta, Kisumu, mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha binti yangu Jacinta namna ya kusafiri peke yake angani na mtoto mdogo. Yeye alikuwa ameruka mpaka Uingereza na kurudi. Ndege alizijua vizuri sana. Aliyekuwa hamjui ni mtoto.

Achola alikuwa na miezi minane mama yake alipoenda huko kufanya kazi ya uuguzi, akaniachia. Sasa ana miaka miwili na nusu, na mama yake amekuja kumchukua. Mimi ananiita Mama. Kwa mama yake anasema Jacinta, kama anavyonisikia mimi, na kila akimwita hivyo Jacinta anageuka kuangalia dirishani kana kwamba kuna mtu anapita.

"Andika," nilimwambia. "Usiweke kwa kichwa tu."

"Mama, naandika kwa simu."

Jirani yangu Magdalene, muuza mitumba, alikuwa amekuja kuaga na hakuonyesha dalili ya kuondoka. Amepanda ndege mara moja maishani, na kichanga, kwenda harusi ya kaka yake Mombasa, na ametusimulia safari hiyo mpaka sisi tunaijua kuliko yeye.

"Ikianza kupanda, mpatie kitu ya kunyonya," alisema. "Hata maji na mrija. Masikio ikiziba atalia mpaka watu wakuchukie. Ikishuka pia, hivyo hivyo."

"Na nguo zake za kubadilisha kaa nazo mkononi," nikaongeza. "Yako pia beba. Akitapika hatachagua."

Nilimpa na mengine. Achola hali ndizi iliyovunjika. Akinyamaza ghafla anataka choo, usingoje aseme. Mhudumu akimsemesha Kiingereza ataangalia viatu vyake, wasije wakadhani ni kiziwi, kwani anajua Dholuo tu. Asipewe simu kabla ya kula, maana chakula hatakigusa tena. Nilisema mpaka chai yangu ikapoa, na Jacinta aliandika yote bila kubisha, jambo ambalo si kawaida yake.

Jambo moja sikumwambia. Achola halali bila kiwiko changu. Anaishika ile ngozi iliyolegea nyuma ya kiwiko cha mkono, anaisokota polepole kwa vidole viwili, na kabla sijamaliza kuimba ameshalala. Asipokipata analia saa nzima, na si kilio cha kutulizwa na biskuti. Nililijua hilo na nikanyamaza. Sitajisafisha hapa. Nilitaka amlilie. Nilitaka Jacinta afike Nairobi ashindwe, aseme mtoto bado mdogo, arudi naye kwa basi la jioni. Nairobi mtu bado anaweza kurudi. Akishapita hapo, ndiyo basi tena.

Tuliwasindikiza mpaka uwanja wa ndege. Achola alinipungia mkono akicheka, maana alidhani nawafuata nyuma. Mimi na Magdalene tulisimama nje ya ua tukaiona ndege ikiinuka, ikazunguka juu ya ziwa, ikawa ndogo. Magdalene alisema, "Sasa ndiyo anatakiwa kunyonya." Nilimwambia anyamaze.

Njiani kurudi niliikumbuka safari yangu mwenyewe, mwaka ule niliohama Port Victoria, bandari ndogo ya ziwani, kufuata soko la samaki Kisumu. Jacinta alikuwa na miaka minne. Tulipanda juu ya lori, sisi na magunia ya samaki wakavu, na hakuna aliyenipa ushauri wowote. Nakumbuka baridi ya alfajiri iliyonipenya mpaka kwenye mifupa. Nakumbuka Jacinta amelala mapajani mwangu njia nzima, na wapakiaji wakisema mama huyu ana bahati, mtoto wake hana fujo. Nilikuwa kijana, na kila nilichokuwa nacho duniani kilikuwa juu ya lori lile, kimelala. Natamani siku ile kuliko ninavyotamani chakula.

Nyumbani sikuanua nguo za Achola kambani. Sahani yake niliiacha mezani. Saa nane simu ikalia.

"Mama, tumefika Nairobi. Tunangoja ile ndege kubwa."

Nilisikiliza nyuma ya sauti yake. Hakukuwa na kilio.

"Achola yuko wapi?"

"Amelala."

"Amelala namna gani?"

"Alilia, Mama. Maji alikataa, ndizi akatupa. Alikuwa anakuita wewe. Mama mmoja wa kando akaniuliza kama hii mtoto ni yangu. Nikakunja mkono ya shati nikampatia kiwiko."

Nilikaa kitandani. "Nani alikuambia?"

"Si wewe? Tukitoka Port Victoria, kwa ile lori, nilishika yako mpaka Kisumu. Ulikuwa umevaa sweta ya kijani, nikalia sioni kiwiko. Ukatoa hiyo sweta. Ukakaa hivyo na baridi mpaka tukafika."

Watoto wanne nimewalea, na hilo lilikuwa limenitoka kabisa. Baridi niliikumbuka miaka yote hii. Sababu yake ndiyo niliyoisahau.

"Hiyo hukuniandikisha," Jacinta alisema.

"Nilisahau," nikamjibu, na nikaona haya, maana alikuwa mpole sana.

"Anaisokota lakini haridhiki. Analala anaamka, analala anaamka. Sijui ni ngumu, yangu."

Niliushika mkono wangu mwenyewe, pale palipolegea. Ningeweza kusema ndiyo, ni kigumu, mrudishe.

"Andika," nilimwambia. "Mpe cha kulia. Cha kushoto hakitaki."