Mpaka Ikwaruze

Watu wa mstari wa mbele walikuwa wameziba masikio, na baba alikuwa akitabasamu.

Alisimama nyuma ya meza mwishoni mwa ukumbi, vidole kwenye kitufe cha sauti, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikilizia hodi. Alizungusha kidogo. Akangoja. Akazungusha tena. Spika mbili mpya, ndefu kunizidi, hazikuwa zikipiga muziki tena. Zilikuwa zikipiga bati.

Baba alikuwa fundi wa vyombo vya sauti tangu kabla sijazaliwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kila spika ina mzigo wake wa wati, na kwamba amplifaya nzuri ni ile inayoizidi spika nguvu kidogo, ili ifanye kazi bila kuhema. Watu hudhani amplifaya ndogo haiwezi kuumiza spika kubwa. Inaweza. Ukiikamua kupita uwezo wake, sauti hutoka imekatwa kichwa na miguu, na uchafu ule hugeuka joto ndani ya spika ndogo za juu, zile zenye koili nyembamba kama unywele. Hufa kimya, baba alisema, huku kubwa zikiendelea kunguruma juu ya maiti.

Siku ile amplifaya ilikuwa ndogo. Kamati ya ukumbi ilikuwa imenunua spika kwa michango, amplifaya ikaahirishwa, kwa hiyo tulibeba ya kwetu, isiyofika hata nusu ya nguvu iliyotakiwa. Majaribio yakienda vizuri, baba angekuwa fundi wa kudumu pale, akapumzika kuhangaika na redio za majirani. Nilimwuliza kama hatujitafutii balaa. Akacheka, akaniita bibi mkubwa, akasema ataiendesha kwa adabu. Adabu yake niliijua: siku zote alikuwa akipandisha sauti polepole mpaka asikie inaanza kukwaruza, kisha anarudi nyuma kidogo, na hapo anaacha. Hakuwa na kipimo kingine. Na hakuwahi kuunguza spika ya mtu.

Sasa ilikuwa inakwaruza, naye anazidi kupanda.

Kwanza nilidhani anatania. Halafu nikadhani anataka kuikoga kamati. Msimamizi wa ukumbi, bwana mfupi tuliyemwita Funguo kwa jinsi kiuno chake kilivyolia akitembea, alinijia uso umekunjamana.

"Dada, mwambie mzee wako apunguze. Sisi si viziwi."

Nikamtazama baba upya. Hakuwa akimkoga mtu. Alikuwa akitafuta. Alikuwa akiungoja mkwaruzo ambao ulishafika zamani, umemkalia usoni, naye anaendelea kupanda ngazi kuufuata.

Nilikimbia nikachomoa waya ukutani.

Alinigeukia kwa hasira, lakini hasira haikudumu, maana pua yake ilikuwa nzima: harufu ya koili iliyoungua ilikwishatufikia. Alizitazama spika. Aliwatazama watu wakishusha mikono kutoka masikioni, mmoja baada ya mwingine. Kisha akanitazama mdomo.

"Ilikwaruza?"

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

Ningeweza kumdanganya. "Tangu ulipoanza kuzungusha."

Akaanza kukunja nyaya, kiganja hadi kiwiko, kiganja hadi kiwiko, kwa unadhifu wake wote. Funguo alimsemesha kutoka nyuma; akaendelea kukunja. Funguo akamsemesha tena, kisha akanigeukia mimi na kuniambia kwamba kamati itatafuta mtu mwingine. Alisema hivyo kwa kunong'ona, kana kwamba palikuwa na haja.

Kwa miaka mingi mama alikuwa akigombana na baba kwa kosa moja, kujifanya hasikii. Alilijengea matusi matamu. Alisema ameolewa na nguzo ya umeme. Alisema siku akifa itambidi ainuke mwenyewe akamgonge begani kumpa taarifa ya msiba. Nilipomweleza yaliyotokea, alikaa kwenye kiti cha jikoni, mwiko mkononi, akabaki kuutazama.

Asubuhi alimtilia chai. Hakumwita akiwa jikoni kama alivyozoea. Alizunguka meza mpaka mbele yake, akainama, akatamka neno moja moja, mdomo wazi, kama anayemfundisha mtoto.

"Chai. Iko. Tayari."

Baba alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Usinifanyie hivyo, mama watoto," alisema. "Nigombeze tu kama siku zote."

Mama alivuta pumzi. Nilimwona akitafuta tusi, lolote, hata dogo. Kisha akakaa, akamsogezea sukari.