Liva Nne za Nge

"—amewaka! Baba, toka nje, Nge amewaka!"

Jirani wa kwanza kutoka alidhani nyumba inaungua. Wa pili alidhani posa imeingia. Kumbe ni Chiriku tu, binti aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake usiojua likizo, amesimama uani na kandambili moja mguuni, uso umejaa grisi, anarukaruka mbele ya mashine kuukuu inayokohoa moshi wa buluu.

Nge alikuwa katapila dogo la kuchimbia, mkubwa kwa umri kuliko Chiriku na kuliko hata ndoa ya wazazi wake. Mbele ana kijiko kipana cha kuzolea mchanga. Nyuma ana mkono mrefu wa kuchimbia, wenye kijiko cha meno nchani, umekunjwa juu ya mgongo kama mkia wa nge anayesubiri mtu akosee. Njano yake ilishapauka ikawa kama ganda la ndizi lililosahaulika juani. Alikuwa amelala miaka miwili chini ya turubai, tangu daktari amwambie Baba kwamba mgongo wake ukikalia tena kile kiti cha kutikisika, atakuja kutembea kwa magoti.

Baba akatoka taratibu, mkono kiunoni. Nyuma yake akaja mgeni na kikombe cha chai, mnunuzi wa vyuma chakavu. Mtaa mzima unamwita Bwana Chakavu na mwenyewe anaitika. Lori lake lilikuwa lije kesho asubuhi kumbeba Nge.

"Kuwaka, hata jiko linawaka," Baba akasema. "Nani atamwendesha?"

"Mimi!"

"Wewe nani?"

"Baba, nimesomea ujenzi miaka mitatu! Chuoni tumeendesha mashine kubwa kuliko hii, tena ina kiyoyozi."

"Hapa kiyoyozi ni upepo wa Mungu," Bwana Chakavu akachomekea.

Baba akamtazama binti yake, akaitazama mashine, akashusha pumzi.

"Haya. Mshonaji wa kule uchochoroni anataka mtaro wa bomba la maji, na makatapila makubwa hayapiti kwake. Nenda kamchimbie. Ukiweza, Nge anabaki. Ukishindwa, mwanangu, kesho anapanda lori, na usije ukanililia."

Weee! Chiriku alikuwa keshapanda.

Sasa shida ya Nge haikuwa injini. Shida ilikuwa zile liva nne za kuongozea mkono wa nyuma. Kwenye mashine za watu, mbili hukaa kushoto na mbili kulia, kila mkono na zake. Kwa Nge, Baba alizikata zamani akazilehemu upya, zote nne zimebanana upande wa kulia, na mipira ya kupitishia mafuta akaipangua ikafuata mpango anaoujua yeye peke yake. Mafundi watatu walishajaribu. Wa mwisho alitaka kuinua mkono, akabomoa choo. Ukimuuliza Baba kwa nini alifanya vile, kila siku ana jibu jipya. Leo alikuwa amelewa usingizi, kesho alitaka wezi washindwe.

Uchochoro uliwapokea kwa shida, Baba na Bwana Chakavu na kikombe chake wakifuata kwa miguu, ukuta huku, ukuta huku, nafasi ya kupitisha kiganja tu. Uani kwa mshonaji magauni ya wateja yalikuwa kwenye kamba, yanapepea polepole kama watu wanaoota.

"Mama, yatoe hayo," Baba akamshauri mshonaji.

"Aa, yako mbali, baba. Yanakauka vizuri hapo."

Chiriku akageuza kiti, akashika liva, akakumbuka kila alichofundishwa chuoni. Akavuta ili ashushe. Mkono haukushuka. Ulizunguka kwa madaha, ukapita kwenye kamba, ukarudi umevaa gauni jeupe la bibi harusi kwenye meno ya kijiko.

"Limemkaa!" Bwana Chakavu akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mahari nimletee nani?"

"Ole wako lichanike!" mshonaji akapiga kelele. "Harusi Jumamosi!"

Halikuchanika. Chiriku alilitoa kwa ncha za vidole. Akajaribu tena, kijiko kikajikunja hewani. Akajaribu tena, kikapiga ardhi ngumi. Kwa mara ya kwanza tangu apate meno, Chiriku akakosa la kusema. Machozi yakamsogelea. Akaona lori la kesho, akaona Nge akikatwa vipande kama mkate.

Baba akavuta ndoo, akaipindua, akaketi.

"Acha kufikiri," akasema. "Unamchosha. Mwache angurume kwanza."

Injini ikanguruma. Ngu-ngu-ngu, chini ya kiti, ndani ya mifupa. Jua la alasiri lilikuwa zito kama blanketi. Harufu ya dizeli na udongo mbichi ikampanda puani, na katikati yake kulikuwa na harufu nyingine, shati la mtu, jasho na sabuni ya kufulia. Kope zikalegea. Akawa mdogo, mdogo sana, miguu haigusi chini, na dunia yote inatikisika polepole. Baba akaanza kugonga ndoo kwa vidole. Ta, ta-ta, ta.

Mkono wa kulia wa Chiriku ukaondoka wenyewe. Shusha, vuta, kunja, inua. Geuka, mwaga. Vidole viwili huku, gumba kule, kama anayekuna nazi usingizini. Ardhi ikafunguka laini, mstari umenyooka kama pindo la gauni. Hakuna aliyecheka. Hata magauni yalitulia.

Alipofumbua macho vizuri, nyuma kulikuwa na mtaro wa hatua kumi. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa mapajani, umejikunja kama paka.

"Baba," akasema polepole, "mbona huu wa kushoto hauna kazi?"

Baba akaacha kugonga ndoo.

"Wako hauna. Wangu ulikuwa nayo. Ulikuwa umekushika wewe."

Chiriku akamtazama.

"Mama yako alikuwa anaingia kiwandani alfajiri. Wewe hukukubali kubaki kwa mtu, unalia mpaka unageuka rangi. Nikakupakata hapo hapo kwenye kiti, mwaka mzima na zaidi. Mtu hawezi kuchimba kwa mikono miwili na mtoto kapakata. Basi nikahamisha liva."

Bwana Chakavu akaweka kikombe juu ya ukuta, akapangusa mdomo.

"Kwa hiyo nimwambie dereva asije?"

"Mwambie alale," Baba akajibu.

Chiriku akashuka, akamkumbatia Baba kwa grisi zake zote, na ulimi ukamrudia kwa fujo. "Mama alikuwa anajua? Nilikuwa nasinzia? Nani alinibadilisha nepi? Baba, niambie!"

"Mama yako?" Baba akacheka, kiuno kikamuuma, akacheka hivyo hivyo. "Siku aliyotukuta kazini bila taarifa! Ehee, hiyo ni ndefu, na mtaro bado una hatua sita. Kesho uje na chupa ya chai, nitakusimulia yote."